Kama Elfu Kumi na Moja

Saa kumi na moja unusu. Nyuzi saba chini ya sifuri.
Kibanda cha mbao kinanuka panya na kahawa ya jana.
Nimekalia gunia la shayiri alilolitoa Eutimio garini
kwa manung'uniko ya mtu anayeng'olewa jino.
Mbele yetu ziwa la Valdehita halijapata rangi.
Ni sauti tu:
maelfu ya makoo yakigugumia gizani,
mkutano uliokosa mwenyekiti.

Miaka thelathini na mmoja nilihesabu noti za watu
katika benki moja ya Teruel.
Jioni senti moja ikipungua, hakuna kwenda nyumbani:
tulifukua droo, tulipekua mapipa,
mpaka senti ijisalimishe.
Nilipostaafu, wa hifadhi wakanipigia simu:
"Benita, wewe wajua kuhesabu. Njoo utuhesabie korongo."
Nikacheka. Nikaja.

Eutimio, shemeji yangu, hakuja kwa mapenzi.
Zamani alikuwa na mzinga wa gesi shambani,
ukilipuka kila robo saa, usiku na mchana,
kuwafukuza hawa hawa wasimfukulie mbegu.
Mbwa wa kijiji wakawa viziwi; korongo wakazoea.
Siku hizi analipwa fidia kwa idadi ya ndege,
na idadi yenyewe anataka kuiona ikiandikwa.

Mwanga unaingia kwa chini, mwembamba, una makali.
Wa kwanza kuonekana si wao.
Kukuziwa wawili wanagombana kwenye matete;
bata mwitu, vichwa majini, mikia juu, hawana haya;
sululu anadunga tope pale ukingo haujaganda.
Kipanga anapita chini chini,
na kimya kinamfuata tete kwa tete.

Ndipo ukungu unapoota miguu.
Miguu, miguu, msitu wa miguu,
shingo nyeusi, utosi wenye tone jekundu.
Wamesimama majini usiku kucha,
barafu imewavisha bangili.

Wanaanza wachache: baba, mama,
na mtoto mwenye kichwa cha kutu
apigaye mluzi wazazi wakipiga tarumbeta.
Watatu. Saba. Kumi na wawili. Tik, tik, kihesabio.
Kisha hamsini hamsini, naikata anga vipande
nilivyokuwa nikifunga mabunda.
Elfu mbili. Elfu tano na mia nne. Elfu sita na

mbweha, au kivuli cha mbweha, sijui,
ziwa zima likainuka.

Sikubonyeza.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe, kimeganda, wala si kwa baridi.
Anga ilifumwa, ikafumuliwa, ikafumwa,
mabawa yakatetema mpaka kwenye meno yangu,
na Eutimio akavua kofia.
Sikumwona akivua kofia
hata tulipomzika dada yangu.

Baadaye unyoya mmoja ulikuwa bado unashuka.
"Wangapi?" akauliza.
Redio ikakoroma: Fermín, ng'ambo ya ziwa,
elfu kumi, mia sita na kumi na wanane.
Na wanane! Huyo hakutazama juu.

Nikashika fomu.
Benki, neno hili lilikuwa haramu;
hakuna mteja aliyewahi kuweka kama euro mia.
Nikaliandika, kwa wino, mkono ukitetemeka kidogo:
kama elfu kumi na moja.
Ndilo neno lile lile watu wakiniuliza habari za Oktoba:
kama mvua italijaza ziwa,
kama watarudi,
kama nitakuwepo.

"Ongeza kidogo," akasema Eutimio, akifikiria fidia.
Nikamtazama. Akavaa kofia, akatoka.
Gunia lake aliliacha pale ukingoni, mdomo wazi.
Mtu asiyesahau hata kamba ya kufungia gunia.
Nami sikumwita.